Ukiitwa Mzee

Tembea asubuhi Mombasa, kutoka Ngomeni, uishike Ndia Kuu, ukate vichochoro vya Kibokoni hadi utokeze Marikiti. Njiani utasikia watu wasiofanana kwa lolote wakiitwa jina moja. Hamali mwenye mkokoteni atapiga kelele, "Mzee, njia!" na anayeambiwa huenda ni mwanafunzi aliyebeba mkoba wa shule. Muuza viungo atamwita mpita njia, "Karibu mzee wangu, chukua pilipili manga," naye hatazami umri wa mtu, anatazama kikapu chake. Mlangoni mwa duka la jumla karani atamnong'oneza mwenzake, "Mzee ameshaingia," maana yake mwenye duka yumo ndani, kila mmoja ashike kazi yake. Mama mwenye buibui atamuaga jirani kwa kuwa mzee yuko nyumbani anangojea chakula, na huyo ni mumewe. Vijana wawili watapigana viganja: "Vipi mzee?" "Poa mzee." Kisha barazani mtu wa miaka themanini, kofia ya vito kichwani na bakora mkononi, ataamkiwa kwa neno hilo hilo, ila sauti ya anayemwamkia itashuka kidogo.

Nimefika umri ambao nami naitwa hivyo na watu wasionijua. Makanga ananiita mzee ili nisogee, karani wa ofisini ananiita mzee ili ningoje, kijana wa mtaani ananiita mzee ili anikope. Nimelifikiria sana jina hili, na nimeona kwamba kila lilipopata maana mpya halikuzaliwa upya. Lilichukua kipande cha maana ya kwanza na kukiacha kingine. Mmoja alichukua umri, mwingine mamlaka, mwingine mali, mwingine mapenzi. Kipande ambacho wengi wetu tumekiacha ndicho kizito kuliko vyote, nacho ndicho kilichonifanya niandike.

Tulipokuwa watoto katika Mji wa Kale hatukumwita mtu mzee usoni. Ndugu wa baba alikuwa ami, ndugu wa mama mjomba, na wa rika la wazazi wa wazazi wetu alikuwa babu au bibi. Hata asiyekuwa na nasaba nasi tulimpa nasaba kwa kumwita: jirani akawa ami, muuza kahawa akawa babu, na kwa kumwita hivyo tukampa haki ya kututuma dukani na kutukanya. Mzee lilikuwa jina la kumtajia mtu asiyekuwepo. "Mzee amesema." "Nenda kwa mzee ukamuulize." Lilimtaja yule ambaye maneno ya watu yalifika kwake na kukoma hapo.

Mtaani kwetu alikuwapo mmoja. Hakuwa tajiri, wala hakuwa mwanachuoni mkubwa, na walikuwapo waliomzidi umri. Baada ya swala ya alasiri aliketi kwenye baraza ya mawe mbele ya nyumba yake. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Kahawa tungu ilinywewa kwa kashata, na mazungumzo yakaenda kutoka bei ya samaki hadi vita vya nchi za mbali. Katikati ya mazungumzo hayo mtu angekuja, akainama, akasema neno sikioni mwa mzee. Mzee angeweka kikombe chini, akashika bakora, akaondoka naye.

Ndugu wawili waligombania nyumba ya ghorofa waliyoachiwa na baba yao. Mmoja alitaka iuzwe wagawane, na mwingine alikuwa anaishi humo na wanawe. Waliacha kusalimiana, na wake zao wakaacha kupelekeana vyakula vya futari. Mzee akawa anakwenda kwa huyu na kurudi kwa yule kwa muda mrefu. Hatimaye walikubaliana: aliyekuwa akiishi humo angemlipa nduguye fungu lake kidogo kidogo. Miaka mingi baadaye, mzee akiwa ameshazikwa, mmoja wa ndugu hao alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema alipokuwa na hasira alimtuma mzee maneno makali sana kwa nduguye, maneno ambayo lau yangefika, wasingezikana. Baada ya kupatana aligundua kwamba nduguye hakuwahi kuyasikia. Na nduguye naye alikuwa ametuma yake, nayo hayakufika. Mzee aliyapokea yote, ya huku na ya kule. Yanayoweza kujenga aliyafikisha, na yanayochoma alibaki nayo mwenyewe hadi kaburini.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Jaa ndipo mahali ambapo kila nyumba inatupa taka zake, na lenyewe halina pa kuzitupa. Nilipokuwa kijana niliuona msemo huo kuwa wa kuwahurumia wakubwa. Baada ya habari ya ndugu wale nikaona kuwa unaeleza kazi. Mji hauwezi kuwa safi kama hakuna mahali pa kupokea uchafu wake, na familia haiwezi kukaa pamoja kama hakuna mtu mmoja anayekubali kupokea hasira za wote bila kuzirudisha. Tunaposema penye wazee haliharibiki neno, tusidhani ni kwa sababu wazee wanajua kila kitu. Neno haliharibiki kwa sababu yuko wa kulishika.

Mombasa ya zamani ilikuwa na vyeo vyake. Waswahili wa Mvita walikuwa taifa kumi na mbili, Thenashara Taifa, katika mafungu mawili ya Tisa Taifa na Thalatha Taifa. Kila taifa lilikuwa na shehe wake, na kila fungu lilikuwa na mkuu wake, tamim. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaja Wamazrui, na mwaka 1837 Seyyid Said, sultani wa Omani, akautwaa mji. Chini ya Waingereza kulikuwa na liwali na mudiri na mkuu wa wilaya. Desemba 1963 bendera ikabadilika tena. Kila utawala ulikuja na majina yake ya heshima ukaondoka nayo, na leo watoto wa mtaani hawamjui tamim wala liwali. Jina la mzee lilibaki. Naona lilibaki kwa sababu halikutolewa na utawala wowote, kwa hiyo haukuwapo utawala ulioweza kulivua. Lilitolewa na wanaohitaji msaada, na wahitaji hawajawahi kwisha.

Lakini jina linalotolewa na watu linaweza pia kuchukuliwa na mkubwa mmoja likawa lake. Jumanne, tarehe 22 Agosti 1978, nilikuwa mtoto, na asubuhi ile watu wazima wa mtaani walisimama vikundi vikundi wakisema kwa sauti ya chini, "Mzee amefariki." Nilikimbia hadi barazani kumtazama mzee wetu, nikamkuta yu hai, redio mapajani, ameinamisha kichwa akisikiliza. Aliyefariki alikuwa Rais Jomo Kenyatta, na alifia kisiwani humu humu, katika Ikulu ya Mombasa. Kwa taifa zima neno mzee lilikuwa limekuwa jina la mtu mmoja. Hukuhitaji kuongeza neno la pili; ukisema Mzee, Kenya yote imejua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya nguvu ya jina kama hilo. Watu walilitoa kwa mapenzi. Kenyatta alikuwa amefungwa na wakoloni na ametoka, na nchi ilimwona kama baba. Lakini malezi yetu yanatufunza kwamba mzee haulizwi, na mzee akikosea tunainamisha macho. Mwenye kushika dola akiitwa mzee, adabu ya nyumbani inahamia serikalini, na wanaopaswa kuuliza wananyamaza kwa kuona haya. Pwani yetu inaujua uzito wa maswali yaliyokawia kuulizwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliandika kwa urefu juu ya dhuluma za ardhi za Pwani tangu enzi ya ukoloni hadi serikali zilizofuata uhuru. Heshima kwa mkubwa ni wajibu. Heshima inayomwondolea mkubwa hesabu humdhulumu anayeheshimu na anayeheshimiwa pia.

Kutoka kwa Mzee huyo likazaliwa jina jingine. Daniel arap Moi, aliyeapishwa siku ile ile ya kifo cha Kenyatta, aliahidi kufuata nyayo za aliyemtangulia, na wananchi wakamwita Nyayo. Wenye umri wangu watakumbuka jinsi neno hilo lilivyotawanyika. Lilikuwa maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, yenye pakiti za pembe tatu tulizozipiga teke baada ya kuzinywa. Lilikuwa mabasi, uwanja wa michezo, mashamba ya chai. Na lilikuwa jengo refu la Nairobi, Nyayo House, ambalo chini yake katika miaka ya themanini watu waliteswa kwa sababu ya maoni yao. Mtoto aliyekunywa maziwa alisikia utamu katika jina hilo. Mtu aliyesimamishwa ndani ya maji katika chumba cha giza alisikia kitu kingine, na wote wawili walisema kweli. Jina lilikubali kubeba chochote alichokitia mwenye kulibeba. Hapo nilijifunza kwamba majina yetu mazuri hayatulindi. Sisi ndio tunaoyalinda, au kuyaharibu, kwa yale tunayoyafanya chini yake.

Mfano mzito zaidi uko Kongo. Laurent-Désiré Kabila, aliyeingia Kinshasa Mei 1997, aliitwa Mzee na wafuasi wake, kwa Kiswahili hiki hiki kilichovuka maziwa hadi mashariki ya Kongo. Katika jeshi lililomfikisha mjini walikuwamo watoto wenye bunduki, na hao nao walikuwa na jina la Kiswahili: kadogo. Mzee na kadogo, katika nyumba yoyote ya Waswahili, ni jozi ya baraka, mmoja anasimulia na mwingine anasikiliza. Pale ilikuwa jozi ya vita. Januari 2001 Kabila alipigwa risasi na mmoja wa walinzi wake mwenyewe. Sipendi kuzitumia maiti za watu kwa mafunzo mepesi, kwa hiyo nitasema hili tu: anayekubali kuitwa mzee amekubali kwamba wadogo watamtazama, na wanachokiona mikononi mwake ndicho watakachokishika.

Turudi mitaani, ambako jina hili lina maisha ya furaha zaidi. Vijana wa Mombasa wanalitumia kama chumvi. Rafiki ni mzee. Kundi zima la marafiki ni wazee, hata kama mkubwa wao hajafika miaka ishirini. Anayejua jambo fulani vizuri au analipenda mno hupewa jina kwa jambo hilo: mzee wa mpira, mzee wa kahawa, mzee wa siasa. Baba mzazi akitajwa kwa wenzao ni mzee, au "mzee wangu" kwa mapenzi. Hata vichekesho vilipata sehemu yake: Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alilichekesha taifa kwa miaka mingi katika Vitimbi akiwa Mzee Ojwang'.

Wako wenzangu wa rika langu wanaochukia kusikia mtoto akimwita mtoto mwenzake mzee. Wanaona ni utovu wa adabu na uharibifu wa lugha. Mimi nimewasikiliza vijana hao kwa makini, hasa jioni wanapokaa karibu na bahari pale Forodhani, na sikubaliani na wenzangu. Nimewaona wakimwita mzee yule aliyewalipia nauli, yule aliyekwenda kumtoa mwenzao kituo cha polisi, yule aliyemkatalia rafiki yake unga wa kulevya na kukaa naye usiku kucha. Unga umewala vijana wengi wa kisiwa hiki, na nyingi ya nyumba zetu zimeguswa. Kijana wa miaka ishirini na miwili anayembeba mwenzake hadi kliniki, anayevumilia matusi yake na kurudi kwake kesho, anafanya kazi ya yule mzee wa baraza yetu. Akiitwa mzee na wenzake, hawajakosea. Wameliona lile lenye uzito katika jina.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuelewa hili. Mwili uliochakaa una majina yake: shaibu, ajuza, kikongwe. Mzee linaweza kumtaja mwenye mwili huo, lakini linapita hapo. Mtu anaweza kuwa kikongwe bila mtu yeyote kumletea shauri, na mwingine anaweza kuletewa mashauri akiwa na ndevu nyeusi. Miaka huja kwa kila aliyejaliwa uhai, wala haihitaji jitihada. Kupokea mizigo ya watu ni jambo la kuchagua kila siku.

Kuna jambo linaloniumiza katika historia ya jina hili, nalo ni kwamba wanawake wamelipata kwa nadra. Masimulizi ya Mombasa yanautaja mji huu kuwa chini ya Mwana Mkisi, malkia, kabla ya Shehe Mvita. Nami katika utoto wangu niliona nyumba nyingi zikisimama kwa akili ya bibi aliyekaa ndani. Yeye ndiye aliyejua nani ana deni kwa nani, nani ameachwa na ana mimba, nani hajala. Mashauri yaliyofika barazani mara nyingi yalikuwa yameshaamuliwa jikoni, na kazi ya mzee ilikuwa kuyatangaza. Lugha imewapa wanawake majina mengine ya heshima, bi na bi mkubwa, nayo pia yamepata maana nyingi: bi mkubwa leo ni mke wa kwanza, ni mama mzazi, ni tajiri wa kike wa mahali pa kazi. Lakini tunapohesabu wazee wa mtaa kwa ajili ya mkutano, tunawasahau. Ikiwa uzee ni kuyashika maneno yasiharibike, basi wengi wa wazee walionilea walivaa leso.

Serikali nayo ina maana yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa mtu aliyezidi miaka 60, na kifungu cha 57 kinataka aishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Kupitia mpango wa Inua Jamii, tangu mwaka 2018 waliofika miaka 70 na kuzidi wamekuwa wakilengwa na posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Mtaani huitwa pesa za wazee. Kwa anayeishi mjini shilingi hizo haziendi mbali, na mara nyingine huchelewa, lakini nimewaona wakongwe wakizipokea kwa uso uliochangamka, kwa sababu mwisho wa yote ni kukumbukwa. Nimewaona pia wajukuu wanaojua siku ya posho na hawajui siku ya kliniki. Kwao mzee limekuwa jina la simu inayopokea pesa.

Na ukitoka kisiwani kuelekea kaskazini hadi vijiji vya Kilifi, jina hili linaweza kuwa hatari. Huko wakongwe, wanaume kwa wanawake, wamekuwa wakishukiwa uchawi na kuuawa, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba ambalo warithi hawataki kulingojea. Wako wanaopaka mvi zao rangi ili wasitiliwe shaka. Huko Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwahifadhi waliokimbia watoto wao wenyewe. Hii ni pwani ile ile yenye misitu ya Kaya, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2008 kwa sababu wazee wa Mijikenda waliilinda vizazi kwa vizazi. Dunia iliitukuza kazi ya wazee hao, na karibu na hapo kuna mtu anayelala macho kwa kosa la kuwa na mvi. Kijana anayemwua babu yake huenda alimwita mzee asubuhi ile ile. Neno la heshima linaweza kubaki mdomoni muda mrefu baada ya heshima yenyewe kuondoka moyoni, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya lugha yoyote ya vijana.

Ukiniuliza ni nani aliyenirudishia imani katika jina hili, nitakupeleka ng'ambo ya daraja la Nyali, Bamburi, katika Haller Park. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi tupu iliyokuwa inang'aa kwa joto, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Humo aliishi kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, na wafanyakazi walimwita Mzee. Jina lilimfaa kwa kila Mswahili, kwa kuwa katika hadithi zetu Mzee Kobe ndiye anayewashinda wenye mbio. Desemba 2004 tsunami iliyotoka Asia ilifika hadi Malindi na kumwacha mtoto wa kiboko peke yake, bila mama. Watu walimwokoa kwa kazi ngumu, wakamwita Owen kwa jina la mmoja wa waliomkamata, na kumpeleka Bamburi. Mara tu alipoachiliwa alimkimbilia kobe yule na kujificha nyuma ya gamba lake.

Mzee hakumtaka. Alimfokea na kujisogeza mbali. Kiboko alimfuata. Kobe akasogea tena, kiboko akafuata tena, hadi siku zilipopita na kobe akaacha kukimbia. Wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, na watoto wa nchi nyingi wakasomewa habari zao vitabuni. Baadaye Owen alipelekwa kuishi na kiboko mwenzake, kama ilivyopasa.

Naipenda habari hiyo kwa sababu kobe hakujitolea. Alichaguliwa na mwenye shida, katika siku ambayo hakuiomba, na kiumbe asiye wa jinsi yake. Ndivyo jina la mzee linavyomjia mtu. Hulipati kwa kulitaka, na anayelitaka sana ndiye wa kuogopwa. Unalipata pale mtu aliyeachwa na wimbi anapoamua kwamba mgongo wako unafaa kujifichia. Utakuwa na haki ya kufoka na kusogea, maana kila mtu ana uchovu wake. Lakini siku utakayoacha kusogea ndiyo siku uliyoanza kuwa mzee, uwe na miaka 130 au 22. Na siku ya kumwachilia akaishi na wenzake ni sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Yeyote akiniita mzee, naitika. Sichunguzi kama ananiheshimu, ananibembeleza au ananiharakisha, kwa kuwa nia yake siijui na kazi yangu naijua. Makanga akitaka nisogee, nasogea. Kijana akitaka kukopa, namuuliza kwanza ana nini, maana mara nyingi fedha ni nusu ya habari. Ndugu wakinitumia maneno makali nikayafikishe kwa ndugu zao, nayapokea, na nachagua ya kufikisha. Na mwenye mamlaka akiitwa mzee mbele yangu, namheshimu kisha namuuliza hesabu, kwa sababu mzee wa kweli wa baraza yetu alikuwa wa kwanza kutoa hesabu ya alichokabidhiwa.

Nanyi vijana, endeleeni kuitana mzee, mkiwa mnajua mnachopeana. Mwenzako akikuita hivyo amekuambia kwamba siku mambo yatakapomwia mabaya, kwako ndiko atakakokimbilia. Na yule mwenye mvi anayekaa chumba cha nyuma cha nyumba yenu, mwiteni mzee kisha mkae naye, mmuulize alichokiona na mmsikilize hadi amalize. Huyo ndiye aliyelibeba jina hili kabla yetu, na sisi ndio tutakaowaachia wengine.